Mke mjamzito na wewe uko kazini Uingereza: namna ya kuomba likizo ya baba na malipo yake, na notisi zake zote

Hii naiandika kwa vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaofanya kazi Uingereza, na pia kwa wazee waliobaki huku nyumbani maana wao ndo wanaopigiwa simu usiku kuulizwa "baba, nifanyeje", na jawabu wanalotoa ni la huku: subiri mkeo ajifungue salama, halafu mpigie bosi umwambie, atakupa siku zako. Kwa huku sawa. Tanzania Bara sheria ya ajira ya 2004 inampa baba siku zisizopungua tatu za malipo, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa, na sisi Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe, Namba 11 ya 2005, kwa hivo kila mtu keshazoea kwamba likizo ya baba inaanza kuzungumzwa mtoto akishalia. Uingereza si hivo. Kule baba anatakiwa atoe taarifa kazini wiki 15 kabla ya wiki ambayo mtoto anatarajiwa, yaani mimba bado ina wiki kama 25 hivi, na ukingoja mpaka mkunga akwambie hongera unakuwa ushachelewa zamani.

Na hapa ndo tunapokwama watu wetu, tuseme ukweli. Sisi mimba hatuitangazi. Mama mkwe anakataza hata nguo za mtoto zisinunuliwe mapema, watu wana vijicho, na mtu akiulizwa na jirani anasema "bado hatujajaaliwa" na tumbo lishaonekana. Mie siwaambii muache hayo, ni desturi zetu na zina maana yake. Ila kumwandikia mwajiri si kutangaza mtaani. Habari hiyo inaingia kwenye faili lako, inasomwa na HR, yaani ofisi ya mambo ya wafanyakazi, na watu wa mishahara, na unayo haki ya kuandika mle mle kwamba unaomba jambo hili libaki siri, wenzako wa shifti wasijue. Watu wengi nnaowajua waliokosa pesa hii hawakukosa kwa sababu hawastahiki, wamekosa kwa sababu waliona haya kusema au waliogopa husda, na mwisho ile wiki mbili ambayo mama mzazi anahitaji mtu wa kumchemshia maji na kumpikia uji wa pilipili manga wakaipitisha ghalani wanapanga maboksi.

Nnayoyasema hapa ni ya England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini wana sheria yao, msichanganye.

Kwanza: ni vitu viwili, si kimoja

Kuna likizo, na kuna malipo. Watu wanaviunganisha halafu wanachanganyikiwa wakiambiwa "likizo unayo lakini pesa huna".

Likizo ni ruhusa ya kukaa nyumbani wiki moja au wiki mbili na kazi yako ikabaki ikikusubiri. Kuanzia 6 Aprili 2026 mwajiriwa anayo haki ya likizo hii tangu siku ya kwanza kazini, kwa sheria mpya ya haki za ajira ya 2025. Zamani ilikuwa lazima uwe na wiki 26 kazini, na bado utakutana na mameneja wanaokwambia hivo kwa sababu ndo wanavojua wao.

Malipo ni jambo jengine, na hapo masharti ya zamani yapo palepale. Lazima uwe na wiki 26 mfululizo kwa mwajiri huyo huyo kufikia ile wiki ya 15 kabla ya wiki ya matarajio, uwe bado umeajiriwa nae mpaka siku mtoto anazaliwa, na wastani wa mshahara wako kwa wiki usipungue kiwango cha chini kilichowekwa, ambacho kwa mwaka wa kodi ulioanza Aprili 2026 ni pauni 129 kabla ya makato. Kabla ya hapo ilikuwa 125. Viwango hivi vinabadilika kila Aprili, kwa hivo atakayesoma hii mwakani aangalie tena.

Anayestahiki ni baba mzazi, au mume au mwenza wa mama hata kama mtoto si wa damu yake, madhali atakuwa na jukumu la kumlea na likizo anaichukua kwa ajili ya kumhudumia mtoto au kumsaidia mama. Wanaopokea mtoto wa kuasili nao wana haki yao ila tarehe zao zinahesabiwa vyengine, siziingii leo.

Kama hujaajiriwa, yaani unaendesha teksi yako au unapeleka vyakula kwa baskeli na unajilipia kodi mwenyewe, haki hii huna, na inauma lakini ni bora ujue mapema upange mambo yako. Wa ejensi, yaani wale wanaopelekwa kazini na kampuni ya kutafutia watu kazi, wako katikati: mara nyingi likizo ya kisheria hawana lakini malipo wanaweza kuyapata kama wametimiza masharti, kwa hivo msikubali kuambiwa "wewe wa ejensi hustahiki kitu" mkaondoka. Na mwenye kazi mbili, asubuhi nyumba ya wazee usiku ghala, anaweza kudai kwa waajiri wote wawili akitimiza masharti kwa kila mmoja.

Jambo jengine linalowatisha watu wetu ni viza. Kibali chako kimeandikwa kwamba huruhusiwi kuchukua fedha za umma, basi unaogopa kuomba hata haki yako ukidhani watakufutia viza. Malipo ya likizo ya baba hayamo kwenye orodha ya fedha za umma. Ni malipo ya kazi, yanatoka kwa mwajiri wako kwenye mshahara. Omba bila wasiwasi.

Pili: piga hesabu ya tarehe, uandike pahala

Hapa tulieni maana ndo roho ya jambo lote.

Mkunga au daktari anampa mama karatasi inayoitwa MATB1, kuanzia pale inapobaki wiki 20 kufika tarehe ya kujifungua. Mle ndani kuna tarehe ambayo mtoto anatarajiwa. Karatasi yenyewe ni ya mama kumpelekea mwajiri wake, baba hulazimiki kuitoa, ila ipige picha kwa simu ukae nayo kwa sababu ile tarehe ndo unayoihitaji. Kama karatasi bado haijatoka, tumia tarehe mliyopewa kwenye utrasaundi.

Sasa kwa sheria ile wiki inaanza Jumapili. Chukua mfano mtoto anatarajiwa Jumatano 16 Septemba 2026. Rudi nyuma mpaka Jumapili iliyotangulia, unapata 13 Septemba. Hiyo ndo wiki ya matarajio, Jumapili tarehe 13 mpaka Jumamosi tarehe 19. Kutoka Jumapili tarehe 13 hesabu wiki 15 kurudi nyuma na unafika Jumapili 31 Mei 2026. Kwa hivo wiki ya kupimia ni 31 Mei mpaka Jumamosi 6 Juni, na taarifa yako ya kwanza iwe imefika kwa mwajiri kabla wiki hiyo haijesha. Mie nakwambia usiingie nayo kabisa hiyo wiki, peleka mwanzo wa Mei. Watu wa HR nao wanakwenda likizo, imeili zinapotea, na siku ya mwisho haina rafiki.

Wiki hiyo hiyo ndo inayotumika kukupima kama una wiki 26 kazini. Kwa mfano wetu, mtu aliyeanza kazi kabla ya 7 Desemba 2025 hana wasiwasi wa malipo. Aliyeanza Februari 2026 atapata likizo bila ya pesa ya kisheria.

Na wastani wa mshahara unatazamwa kwa kama wiki nane zinazoishia hapo hapo. Hili watu hawalijui na linawagonga. Kwa mfano wetu ni mishahara ya kama Aprili na Mei. Sasa Idd kubwa ya mwaka 2026 inaangukia mwisho wa Mei, na kijana anaomba mwezi mzima bila malipo aje Zanzibar kusalimia wazee, anafurahi, anarudi, halafu anaambiwa wastani wako umeshuka chini ya kiwango hustahiki. Kama unafanya masaa kidogo kidogo wewe khasa ndo uwe makini. Safari isogeze, au ije kwenye likizo ya malipo. Na ukipata ovataimu wiki hizo ichukue, inapandisha wastani wako.

Tena ushauri wa dhati: usihame kazi katikati. Ukitoka kwa mwajiri huyu Julai na mtoto anazaliwa Septemba, wiki zako za malipo za kule hazihamii kwa mwajiri mpya. Likizo utaipata, pesa hutaipata.

Tatu: taarifa ya kwanza, iandike

Sheria inasema taarifa ya likizo iwe ya maandishi kama mwajiri akitaka. Wengine wanaishika hiyo wanasema basi nimwambie mdomoni. Usifanye. Mpwa wangu yuko Northampton, anafanya kazi kwenye ghala, alimwambia supavaiza wake mwisho wa shifti, supavaiza akampa mkono akamwambia hakuna tabu nenda tu. Miezi miwili mbele supavaiza kaacha kazi, HR hawana hata mstari mmoja. Mtoto kazaliwa, wakamwambia achukue siku zake za likizo ya mwaka. Alihangaika mno yule kijana. Kilichomuokoa ni kwamba likizo ya baba siku hizi inaweza kuchukuliwa wakati wowote ndani ya wiki 52 tangu mtoto kuzaliwa, basi nikamwambia kaa chini sasa hivi andika imeili, eleza ulimwambia nani na siku gani, omba wiki zako mbili na utoe notisi ya siku 28. Wakakubali, na wakamlipa. Lakini zile wiki mbili za mwanzo, mke katoka hospitali na mshono, mama yake yuko Wete hajapata viza, hizo hazikurudi.

Kwenye taarifa ya kwanza weka tarehe ambayo mtoto anatarajiwa, na useme kwamba unakusudia kuchukua likizo ya baba. Kama ushajua unataka wiki moja au mbili na lini, weka pia. Kama hujui, si lazima siku hiyo.

Sheria yenyewe ya malipo inataka tamko lako, yaani uandike kwamba wewe ni baba au mwenza wa mama, utakuwa na jukumu la kumlea mtoto, na likizo ni ya kumhudumia mtoto au kumsaidia mama. Serikali wana fomu yao, SC3, iko bure kwenye tovuti ya gov.uk, ina tamko hilo ndani yake tayari. Waajiri wengine wana fomu zao, basi jaza za kwao. Asikutoze mtu pesa kukujazia, ni fomu fupi tu.

Imeili yenyewe isiwe na mambo mengi. Kwa Kiingereza chako cha kawaida tu iseme maneno kama haya:

"Mke wangu ni mjamzito na mtoto anatarajiwa tarehe 16 Septemba 2026. Naomba likizo ya baba ya wiki mbili. Wiki ya kwanza ianze siku mtoto atakapozaliwa. Wiki ya pili nitaitolea notisi baadae. Naomba pia malipo ya kisheria ya likizo ya baba, na fomu SC3 nimeiambatanisha. Naomba jambo hili libaki siri baina yangu na ofisi yenu. Tafadhali nijibuni kwa maandishi kwamba mmeipokea."

Ipeleke kwa HR na nakala kwa meneja wako, na nakala nyengine ijitumie kwenye imeili yako binafsi, maana ile ya kazini siku mkigombana wanaifunga. Wakijibu, piga skrinshoti uweke. Ukimpa mtu karatasi mkononi, muombe asaini nakala yako na tarehe.

Watu wananiuliza, je wakitaka cheti cha hospitali au cha kuzaliwa? Kwa mtoto wa kuzaliwa hawana haki ya kudai ushahidi wa mimba wala wa uzazi. Tamko lako linatosha. Wajibu kwa adabu, na kama unataka kuwapa kwa hiari ni wewe, lakini wasikufungie likizo kwa sababu hiyo.

Nne: notisi ya siku 28

Hii ndo ya tarehe khasa. Kabla ya kila kipande cha likizo unatoa notisi ya siku 28. Kwa mfano wetu, kama unataka likizo ianze siku ya kuzaliwa, hesabu siku 28 kutoka mwanzo wa wiki ya matarajio, Jumapili 13 Septemba, unapata 16 Agosti. Mpaka siku hiyo wawe wamejua. Ikiwa uliweka kila kitu kwenye imeili ya kwanza basi hiyo ishakwisha, hurudii.

Unaweza kuchagua ianze siku mtoto anapozaliwa, au idadi fulani ya siku baada ya kuzaliwa, au tarehe maalumu baada ya wiki ya matarajio kuanza. Haianzi kabla mtoto hajazaliwa. Ukiwa uko kazini siku anayozaliwa, inaanza kesho yake. Akishazaliwa wapelekee ujumbe mfupi wa tarehe halisi mara tu ukipata nafasi, hata kutoka wodini.

Wiki kwa maana yao ni idadi ya siku unazofanya kazi kwa kawaida. Wewe wa Jumatatu na Jumanne tu, wiki yako ni siku mbili. Lakini hukati kati, huchukui siku moja leo na moja wiki ijayo. Ni wiki nzima, au wiki mbili pamoja, au wiki moja na nyengine baadae. Huku kugawa kumekuja na kanuni za 2024, kwa watoto waliotarajiwa baada ya 6 Aprili 2024, zamani ilikuwa lazima zifuatane na lazima ziishe ndani ya siku 56.

Mie binafsi nawashauri wagawe, na sababu yake ni ya kwetu. Mama mzazi kwetu anakaa ndani arubaini, yuko kwa mama yake, kuna wa kumkanda, kuna wa kumuogesha mtoto, baba anakuja kutia adhana na kuleta mbuzi wa akika siku ya saba. Kule nyumba ni ya vyumba viwili na mko wawili tu. Bibi akipata viza akaja, atakaa muda wake na ataondoka, na siku anayoondoka ndo nyumba inakuwa nzito kuliko siku mliyotoka hospitali, mama peke yake na mtoto analia kutwa. Basi wiki ya kwanza ichukue pale mwanzo, ya pili iweke kwa siku bibi anaporudi Unguja. Tuseme bibi anaondoka mwanzo wa Januari na unataka wiki yako ianze Jumatatu 4 Januari 2027, notisi yako iwe imefika Jumatatu 7 Disemba 2026. Mwengine ataiweka Ramadhani mke wake apate kupumua. Yote yanafaa, muhimu iwe imekwisha ndani ya zile wiki 52 na iwe kweli ya kumsaidia mama na mtoto.

Na kwa wale wanaosema tarehe ni za Mungu, vipi nimuandikie mzungu tarehe mimi sijui kesho: kuandika hakukufungi. Unaweza kubadilisha kwa notisi nyengine ya siku 28, na ikishindikana basi uwaambie mapema iwezekanavyo. Weka In shaa Allah moyoni na tarehe kwenye karatasi.

Tano: pesa yenyewe

Unalipwa kiasi kilichowekwa na serikali au asilimia 90 ya wastani wako wa wiki, kile kilicho kidogo. Kwa mwaka ulioanza Aprili 2026 kiasi hicho ni pauni 194.32 kwa wiki, kabla yake ilikuwa 187.18. Mtu mwenye wastani wa pauni 480 anapata 194.32, wiki mbili ni 388.64. Mwenye wastani wa pauni 200 anapata 180 kwa wiki. Inakuja siku yako ya kawaida ya mshahara na wanakata kodi na bima ya taifa kama kawaida, itafute kwenye salari slipu yako, inaandikwa mstari wake peke yake.

Ndiyo, ni ndogo. Kodi ya nyumba haijui kama una mtoto mchanga. Kwa hivo anza kuweka akiba mapema, na kabla ya yote soma mkataba wako, kwa sababu waajiri wengine wanalipa mshahara kamili. Wauguzi na wengine wa NHS, yaani hospitali za serikali, wenye miezi 12 ya utumishi wanapata wiki mbili kwa mshahara kamili, na najua ndugu zetu wauguzi waliochukua ile ya kisheria tu kwa kutouliza.

Ukiwa kwa mwajiri mdogo, tuseme mwenye mkahawa au duka, akilalamika kwamba hana pesa ya kukulipa ukae nyumbani, mueleze kwa upole kwamba serikali inamrudishia. Waajiri wakubwa wanarudishiwa asilimia 92, wadogo wanarudishiwa yote na kuongezewa juu yake. Wengi hawajui kweli, si roho mbaya.

Mambo yanapokwenda vyengine

Kabla ya kuzaliwa unayo ruhusa ya kumsindikiza mkeo kliniki mara mbili, mpaka masaa sita na nusu kila mara, bila malipo. Itumieni, khasa kama mke Kiingereza bado hakijakaa.

Mtoto akizaliwa mapema kabla hujamaliza notisi zako, watumie ujumbe haraka, sheria inaelewa hilo. Na akilazwa kwenye wodi ya watoto wachanga kwa siku saba mfululizo au zaidi, ikiwa amelazwa ndani ya siku 28 za mwanzo, kuna likizo nyengine kabisa juu ya hii, ilianza 6 Aprili 2025, inafika mpaka wiki 12 kutegemea na muda aliolazwa. Akiwa bado hospitali unaweza kuianza kwa kuwaambia siku ile ile. Iulizeni kwa jina lake, likizo ya mtoto aliyelazwa, wengi hawakwambii.

Mapacha hawaongezi wiki. Ni mbili zile zile.

Na kama Mungu ameamua vyengine, mtoto akazaliwa ameshafariki baada ya wiki 24 za mimba, au akazaliwa hai halafu akafariki, likizo yako ya baba na malipo yake hayafutiki. Watu wanarudi kazini siku ya pili na machozi yao wakidhani haki imekwisha. Haijesha. Kaa na mkeo.

Wakikataa

Likizo yenyewe ukiwa unastahiki na umetoa notisi sawasawa hawawezi kuikataa wala kukwambia isogeze kwa sababu ya kazi nyingi. Pesa wanaweza kuikataa kama hujatimiza masharti, lakini wakikataa lazima wakupe fomu SPP1 ndani ya siku 28 tangu ulivoomba, na mle waandike sababu. Wasipoitoa, idai kwa maandishi. Isome ile sababu na uilinganishe na hesabu zako: tarehe ulioanza kazi, wiki ya 15, wastani wa wiki nane. Mara nyingi kosa ni la mtu wa mishahara kahesabu wiki kuanzia Jumatatu badala ya Jumapili, au kasahau kuingiza ovataimu, na ukimuonesha kwenye karatasi anarekebisha.

Akishikilia, mamlaka ya kodi ya huko, HMRC, wana kitengo cha kuamua migogoro ya malipo haya, unawapelekea SPP1 na salari slipu zako na wao wanatoa uamuzi. Ikiwa tatizo ni likizo, au wamekupunguzia shifti au kukufukuza kwa sababu uliomba, hapo ni ACAS, shirika la kusuluhisha migogoro ya kazi, ushauri wao ni bure, na lazima upite kwao kabla ya mahakama ya kazi. Usikae na jambo hilo miezi, muda wa kufungua kesi unahesabiwa tangu siku lilipotokea na hausubiri mtoto atoke arubaini. Mwenye chama cha wafanyakazi amwite mwakilishi wake siku hiyo hiyo, na asiye nacho aende Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri bure, na zile imeili zake zote mkononi.